Kutaja

Jumanne jioni, Halifax, orofa ya pili
ya kiwanda cha sufu kisichofuma tena.
Watu kumi na mmoja, viatu vyetu mlangoni.
Mimi nimefuata usingizi.
Daktari aliandika jina la mahali hapa kwenye karatasi
baada ya vidonge kushindwa.

Bi Thandar, aliyeng'oa meno ya watu miaka thelathini,
Mandalay kwanza, kisha Bradford,
anasema kama anayemtuliza mgonjwa aliyeachama:
kikija kitu, kitaje. Kwa sauti ya ndani, mara mbili.
Kisha kiache kiende.
Anagonga kibakuli cha shaba, nasi tunafumba macho.

Kutaja nakujua. Ndiyo kazi yangu.
Ghalani Wakefield, kuanzia saa nne usiku,
nabandika lebo: sufuria, pazia, viatu vya mtoto jozi moja,
kila kitu na mistari yake myeusi
ili kisipotee, ili mtu akikitaka kesho
kipatikane rafu ya thelathini na saba.
Sijawahi kubandika kitu lebo ili kiende zake.

Tumbo linapanda. Kupanda, kupanda. Linashuka. Kushuka.
Wiki ya kwanza nilitaja kwa Kiingereza,
lugha ya mkataba na ya barua za baraza la mji,
na maneno yakasimama kifuani
kama wageni wasiovua koti.
Wiki ya pili nikarudi kwenye ulimi wangu,
na ndipo nikaliona jambo
ambalo mwalimu Kombo hakutuambia darasa la tano
alipopanga vitenzi ubaoni:
ninasikia, unasikia, anasikia.
Ng'oa ile *ni*. Ng'oa na *na* yake.
Weka *ku* pale penye pengo.
Kusikia.
Hayupo anayesikia. Kuna kusikia tu,
na bomba la joto linalogongagonga ukutani
bila kumgongea mtu.

Goti. Kuuma, kuuma.
Tumbo la Bwana Ackroyd linanguruma
kama pikipiki inayokataa kuwaka.
Kusikia. Kutaka kucheka. Kutaka kucheka.
Mvua dirishani.
Nimesahau maziwa. Kuwaza.
Zamu ya kesho. Kuwaza.
Ujumbe wa Mwanahija.

Kuwaza.

Ujumbe wa Mwanahija, dakika nne na sekunde kumi,
umo simuni tangu wiki ya juzi
na sijaufungua.
Najua ni wa kile kiwanja
nilichosema sitamdai, kisha nikamdai,
shemeji akisikiliza, simu ikiwa kwenye spika.
Kukumbuka, kukumbuka.
Haishiki. Lebo inateleza
kama kwenye katoni iliyolowa.
Kukasirika? Siyo.
Kuona haya.
Hiyo ilishika kidogo, pembe moja.
Joto shingoni. Joto masikioni.
Kisha jicho likafanya mambo yake:
kulia, kulia,
nikakagua, na kweli, la kulia tu.
La kushoto kavu kama risiti.

Kibakuli.
Bi Thandar anauliza kwa kidevu, mmoja mmoja.
Namwambia ipo lebo moja iliyogoma.
Anafikiri, mikono magotini.
"Jino likigoma," anasema,
"tulikuwa tunangoja kwanza uvimbe upungue."
Kisha ananipa biskuti ya tangawizi.

Garini, taa za maegesho zimelowa,
vipangusio vinakwenda. Kwenda. Kurudi.
Naiweka biskuti juu ya dashibodi.
Nabonyeza.

Kwanza anakohoa. Kusikia.
Nyuma yake mtu anaburuta ndoo. Kusikia, kusikia.
Kisha ananiita kwa lile jina la utotoni
ambalo watu wawili tu walikuwa wakiniitia,
na mmoja tumekwisha kumzika,
na hapo nikasahau kutaja.